Mjadala: Kopo la Takata likipasuka, lawama ni ya nani?

Mkaazi wa Chumbageni:

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, kwa sababu linatugusa sisi tunaoendesha magari ya Kijapani yaliyotumika. Kampuni ya Takata ya Japani iliziuzia mifuko ya hewa kampuni nyingi za magari, zikiwamo Honda, Toyota, Nissan, BMW na Ford. Ndani ya kila mfuko mna kopo la chuma lenye vidonge vya baruti, ambavyo huwaka gari linapogonga ili gesi iujaze mfuko kabla uso wa dereva haujaufikia usukani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Takata iligeukia baruti ya amonium nitrati, kemikali ile ile tunayoijua kwenye mbolea, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu, na katika makopo mengi haikuweka kitu cha kunyonya unyevu. Baruti hiyo ikikaa miaka mingi katika joto na unyevunyevu, vidonge hulegea, huwaka kwa kasi isiyokusudiwa, na kopo hupasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma usoni na shingoni. Nchini Marekani pekee wamekufa watu zaidi ya 25 kwa namna hiyo, wengine wamekufa Malaysia, na makopo yaliyolazimika kuondolewa duniani kote yanakadiriwa kufika milioni 100.

Kila jambo hili linapozungumzwa, huwasikia watu wakisema kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha Monclova, Mexico, walikuwa wazembe na ndiyo maana baruti ikapata unyevu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mfanyakazi hakuichagua kemikali ile, na wala si yeye aliyepeleka ripoti zenye takwimu zilizopikwa kwa Honda na wenzake. Kampuni ya Autoliv, mshindani wa Takata, iliombwa na General Motors mwishoni mwa miaka ya 1990 itengeneze kopo la bei kama ile ya Takata. Wanasayansi wake wakalipima, wakaona ni hatari, wakakataa. Kwa hiyo ilijulikana mapema kwamba jambo hili halifai, na waliojua walikuwa watu wa ofisini wenye mamlaka ya kusema hapana. Naomba maoni yenu: lawama tuiweke wapi?

Mzee wa Zamu:

Mwalimu wetu wa Chumbageni, nakuheshimu, lakini umewatetea wafanyakazi kupita kiasi. Kiwanda kingine cha Takata, kile cha Moses Lake katika jimbo la Washington, kilikuwa na mtambo wa kushindilia vidonge vya baruti ambao ulitakiwa kukitupa wenyewe kila kidonge kisichoshindiliwa sawasawa. Mtambo huo ulikuwa na swichi ya kuzima utupaji huo, na maelezo yaliyotolewa wakati Honda ilipoongeza idadi ya magari ya kurejeshwa, yaani yanayoitwa yarudi kwa wakala yarekebishwe, ni kwamba huenda ilizimwa. Swichi haijizimi, bali kuna mkono wa mtu uliofika pale.

Mimi nimefanya kazi ya ukaguzi katika kiwanda kimoja cha nguo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Kitambaa kilipita juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, nami nikatia alama ya chaki kila palipokatika uzi, na jora lenye alama nyingi likateremshwa daraja. Msimamizi alikuja kila mwisho wa mwezi akitaka tuyafumbie macho majora fulani kwa sababu mzigo ulikuwa unasubiriwa bandarini. Wenzangu wengine walifumba macho, mimi sikufumba. Anayeshika chaki ana dhamiri yake, na hakuna bosi anayeweza kuingia ndani ya dhamiri hiyo. Tukisema kwamba mfanyakazi hana lawama yoyote, basi tunasema pia kwamba hana heshima yoyote.

Tusijifanye kwamba Wajapani na Wamexico ndio pekee wenye kasoro. Takata walau walipigwa faini ya dola bilioni 1. Huku kwetu, fundi wa uchochoroni anaizima taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi ili gari liuzike, na hakuna anayemuuliza kitu. Huyo anaua watu kuliko Takata.

Zuhura K:

Shikamoo mzee wangu. Naomba nirekebishe jambo moja, kwa kuwa linabadilisha maana ya mjadala mzima. Dola bilioni 1 ambazo Takata ilikubali kulipa ilipokiri kosa mahakamani mwaka 2017 hazikuwa faini zote. Faini ya jinai ilikuwa dola milioni 25, fedha za waathirika milioni 125, na milioni 850 zilizobaki zilitengwa kuzifidia kampuni za magari. Tazameni wenyewe mgawanyo huo. Kampuni zilizonunua makopo hayo, zikiwamo zile zilizovutiwa na bei yake, ndizo zilizotengewa fungu nono, na waliochanwa nyuso wakatengewa sehemu ndogo. Wakuu watatu wa Takata walishtakiwa Marekani mwanzoni mwa mwaka huo, lakini wakabaki Japani.

Kuhusu Honda, nadhani mwalimu ameipitia kwa upole mno. Kopo la kwanza kuripotiwa kupasuka ndani ya gari la Honda lilipasuka Alabama mwaka 2004. Likachukuliwa kuwa tukio la ajabu lisiloelezeka, na mambo yakaishia hapo. Magari ya kwanza yaliitwa kurejeshwa mwezi Novemba 2008, nayo yalikuwa takribani 4,000 tu. Mwaka uliofuata msichana wa miaka 18 akafa Oklahoma. Miaka minne ilipita kati ya Alabama na wito wa kwanza, na katika miaka hiyo hakuna mfanyakazi wa Monclova aliyekuwa na uwezo wa kumwambia mwenye gari chochote.

Fundi wa Makorora:

Nimesoma maneno ya Mzee wa Zamu kwamba fundi wa uchochoroni anaua watu kuliko Takata, nami siwezi kuyaacha yapite. Mimi ni fundi, gereji yangu iko uchochoroni, na watoto wangu wanakula kwa kazi hii. Mzee anajua vitambaa, lakini mambo ya taa ya mfuko wa hewa hayajui, na asiyejua hapaswi kutoa hukumu ya kuua.

Niwaeleze taa hiyo ni nini. Ni ile yenye picha ya mtu aliyeketi na duara mbele yake. Ukiwasha switi kabla ya kuwasha injini, ni lazima iwake kwa sekunde chache, kisha izimike yenyewe. Ikiendelea kuwaka, maana yake kompyuta ya mifuko ya hewa imeona hitilafu ya umeme: labda waya unaojizungusha nyuma ya usukani umekatika, labda soketi chini ya kiti imelegea, labda mfuko ulishafumuka zamani na hapakuwekwa mwingine. Kompyuta haiwezi kuona ndani ya kopo. Haijui kama baruti imelegea au ni kavu. Gari lenye kopo bovu la Takata litakuonyesha taa inayowaka na kuzimika vizuri kabisa, siku zote, hadi siku ya ajali. Kwa hiyo hata mafundi wote wa Afrika Mashariki wangekuwa malaika, ugonjwa wa Takata usingeonekana kwenye dashibodi hata kwa gari moja.

Na hiyo taa inayozimwa, nani anaomba izimwe? Sijawahi kumwona fundi akiamka asubuhi na kwenda kuzima taa ya gari la mtu bila kutumwa. Anayekuja ni mwenye gari, siku mbili kabla ya kuliuza, na mara nyingi ni mtu mwenye elimu na kazi nzuri ya ofisini.

Mzee wa Zamu:

Mwanangu, sikukutaja wewe, na kama kofia haikukutosha hukuwa na haja ya kuivaa. Lakini kwa kuwa umeamua kunijibu kwa ukali, nijibu na hili: huyo mwenye gari anapokuja na ombi lake, wewe unamwambia nini? Umeeleza vizuri sana kwamba anayeomba ni mwenye elimu. Hukueleza kama unakubali au unakataa.

Mwanamtwapa:

Wazee wangu, tafadhali tusigombane, maana nyote wawili mmegusa jambo moja bila kujua. Mimi niko Mombasa, na nimewahi kufanya kazi kwenye laini ya kuunganisha magari katika kiwanda ambacho sitakitaja. Swali la Mzee wa Zamu, yaani mtu hufanya nini anapoombwa kufumba macho, lina jibu katika historia ya viwanda vya magari, na jibu hilo linategemea kama mtu huyo amepewa uwezo wa kusimamisha kazi au hakupewa.

General Motors ilikuwa na kiwanda mjini Fremont, California, kilichofungwa mwaka 1982 kikiwa na sifa mbaya ya utoro, ulevi na magari yenye kasoro. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, na wafanyakazi walioajiriwa wengi walikuwa wale wale wa zamani. Kilichobadilika ni mfumo. Toyota ilitandaza kamba juu ya laini, na mfanyakazi yeyote aliyeona kasoro aliruhusiwa kuivuta. Kiongozi wa kikundi akaja mbio kumsaidia, na kama tatizo halikutatuliwa kwa wakati, laini ilisimama. Zamani kusimamisha laini lilikuwa kosa la kufukuzisha mtu kazi. Watu wale wale walioitwa wazembe wakaanza kutoa magari mazuri ndani ya muda mfupi. Nikisoma habari ya Fremont siwezi tena kuamini kwamba ubora ni suala la tabia ya mfanyakazi peke yake.

Hata hivyo Mzee wa Zamu ana hoja ambayo Zuhura hajaijibu. Katika suala la swichi za General Motors, wito uliotolewa mwaka 2014 kwa magari yapatayo milioni 2.6, kulikuwa na mhandisi aliyeidhinisha mwaka 2002 swichi ya ufunguo iliyokuwa laini kuliko kipimo kilichowekwa. Ufunguo ukiguswa na goti au ukivutwa na uzito wa funguo nyingine, ulirudi nyuma, injini ikazimika gari likiwa katika mwendo, na mifuko ya hewa isifanye kazi. Mwaka 2006 swichi ikaboreshwa kimyakimya bila namba ya kipuri kubadilishwa, na kwa sababu hiyo wachunguzi walihangaika miaka mingi wakishindwa kuelewa kwa nini magari ya zamani yanaua na mapya hayaui. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Hapo kuna mtu, kuna saini, na kuna namba ambayo haikubadilishwa. Mfumo hautii saini.

Zuhura K:

Kaka Mwanamtwapa, hoja hiyo naijibu sasa. Uchunguzi ambao General Motors yenyewe iliuagiza ulieleza pia mikutano ambamo kila mtu alitikisa kichwa kukubali kwamba jambo lifanyike, kisha kila mtu akatoka na hakuna aliyelifanya. Watu 15 wakaachishwa kazi. Mwaka 2015 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 900 ili mashtaka yaahirishwe, na hakuna mtu binafsi aliyepelekwa mahakamani kwa swichi ile. Kama mhandisi mmoja ndiye tatizo, mikutano ile yote ilikuwa ya nini?

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Daihatsu, kwa sababu ndiyo iliyotengeneza Passo na Probox zinazojaa katika barabara zetu. Mwezi Aprili 2023 ilibainika, kutokana na taarifa ya mtu wa ndani, kwamba katika majaribio ya kugongwa ubavuni kifuniko kigumu cha ndani ya mlango kilikuwa kimekatwa mahali maalumu ili kisivunjike na kutoa ncha kali mbele ya wapimaji, na magari yaliyouzwa hayakuwa na mkato huo. Tume huru ikaendelea kuchimba, na mwezi Desemba mwaka huo ikatangaza udanganyifu mpya wa namna 174 katika majaribio ya aina mbalimbali, uliogusa modeli 64, na wa zamani zaidi ulikuwa wa mwaka 1989. Katika baadhi ya majaribio mfuko wa hewa ulifumuliwa kwa saa iliyotegwa badala ya kifaa cha kuhisi mgongano. Tume hiyo haikusema kwamba wapimaji walikuwa watu wabaya. Ilisema uongozi ulibana muda wa kuunda magari kiasi kwamba kushindwa jaribio hakukuwa na nafasi katika ratiba, na waliolemewa hawakuwa na wa kumwambia. Mkubwa anapopanga ratiba isiyo na siku ya kushindwa, udanganyifu ameshauagiza, hata kama neno hilo halikutoka kinywani mwake.

Mzee wa Zamu:

Binti yangu Zuhura, nimeyasoma yote hayo na nakushukuru kwa kunifundisha. Lakini aliyekikata kile kifuniko cha mlango alikuwa na kisu mkononi. Alijua anakata nini na kwa nini. Na aliyetoa taarifa mwaka 2023 alikuwa mtu wa ndani ya mfumo ule ule, mwenye ratiba ile ile na bosi yule yule. Yeye aliwezaje?

Bado namsubiri fundi anijibu.

Msuwahili wa Maskati:

Assalamu alaykum. Huku Oman mamlaka ya kulinda walaji hutangaza hadharani magari yanayotakiwa kurudishwa kwa wakala, na mwenye gari hutengenezewa bila malipo. Joto la huku ni kali kuliko la Tanga, lakini mtu ana mahali pa kwenda. Nionavyo mimi, kasoro ya kiwanda itatokea siku zote kwa sababu binadamu ndiye anayetengeneza. Lawama kubwa ni ya yule aliyejua kasoro ipo na hakumfikishia habari mwenye gari. Ndugu zetu wa Afrika Mashariki mnanunua gari ambalo wakala wa nchini mwenu hakulileta, kwa hiyo jina lenu halimo katika orodha yake.

Fundi wa Makorora:

Mzee wa Zamu, nakujibu, na nitakujibu bila kuficha. Ombi hilo nimelikataa mara nyingi, na kila nilipokataa mteja alikwenda gereji nyingine na kazi ikafanyika. Wako wanaotoa balbu, ndiyo maana nawashauri wanunuzi wote: ukiwasha switi na taa hiyo isiwake kabisa, usifurahi, maana gari lisilo na hitilafu lazima lioneshe taa kwanza. Wako wajanja zaidi, wanaunganisha waya wa taa hiyo na waya wa taa ya oili au ya betri, ili ziwake na kuzimika pamoja. Wako wanaoweka kipande kidogo cha kupinga umeme mahali pa mfuko ili kompyuta idhani mfuko upo. Kazi hizo nazijua kwa sababu mimi ndiye ninayezifumua gari likija kwangu limeshauzwa, na mnunuzi akilia.

Umeniuliza dhamiri yangu iko wapi. Iko hapa hapa. Lakini nataka na wewe uniambie: ulipokataa kufumba macho kiwandani, ulikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi, ulikuwa na chama cha wafanyakazi, na jora ulilolitia alama halikuondoka kwenda meza ya jirani. Mimi nikikataa, gari linaondoka siku hiyo hiyo, na mahali linapokwenda silijui. Unanipima kwa mizani iliyotengenezwa kwa kazi yako.

Mwanamtwapa:

Hapo fundi amesema neno zito, nami ningeomba Mzee wa Zamu alitafakari kabla ya kulijibu. Kamba ya Fremont ilikuwa na maana kwa sababu ilisimamisha laini yote. Mtu anayekataa peke yake, gari likaenda kwa jirani, hajasimamisha kitu chochote, ingawa amehifadhi heshima yake.

Mkaazi wa Chumbageni:

Naomba turudi kwenye swali, maana tumeingia kwenye taa na tumeacha makopo. Fundi mwenyewe ametueleza kwamba taa haina uhusiano na kopo bovu la Takata, na nadhani hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyosemwa hapa. Kama kasoro haionekani kwenye dashibodi, haisikiki, wala hainuki, basi njia pekee ya kuijua ni namba ya chesisi kulinganishwa na orodha ya kiwanda. Sasa orodha hiyo iko mikononi mwa nani?

Wamarekani walipogundua kwamba joto na unyevu ndivyo vinavyoozesha baruti, waligawa nchi yao kwa kanda za hali ya hewa, na Florida, majimbo ya Ghuba ya Mexico, Hawaii na Puerto Rico yakapewa kipaumbele. Australia iliamuru mwaka 2018 makopo yote yaondolewe kwa lazima. Japani, kuanzia Mei 2018, magari yenye makopo hatari zaidi yasiyobadilishwa yalianza kunyimwa cheti cha ukaguzi wa lazima. Sasa fikirini: gari la mjini Osaka limenyimwa cheti, mwenye gari hataki usumbufu, analiuza kwa bei ya chini kwenye mnada. Kwake haliwezi tena kutembea barabarani. Kwetu linaweza. Na hali ya hewa ya Tanga, Mombasa, Dar es Salaam na Unguja ndiyo ile ile inayoogopwa Florida. Vitz, Corolla, Honda Fit na X-Trail za miaka ya 2000 ni miongoni mwa magari yaliyoitwa kurejeshwa duniani, na sote tunajua ni ngapi ziko mitaani kwetu.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba lawama ni ya waliojua. Wenye Takata walijua, kampuni za magari zilijua kuanzia mahali fulani, na serikali za kule zilijua zikawalinda raia wao. Sisi habari ilituacha bandarini.

Mwanamtwapa:

Kenya ina sheria ya miaka minane, yaani gari lililozidi umri huo haliruhusiwi kuingia, kwa hiyo Vitz ya mwaka 2007 haiingii leo. Lakini iliingia zamani kihalali, na bado inabeba abiria kati ya Mtwapa na Likoni, baruti yake ikizidi kuzeeka. Sheria ya umri haikumfuata mwenye gari hilo.

Zuhura K:

Mwalimu, nakubaliana nawe karibu kwa yote, ila usiseme serikali za kule peke yake. Gari linapokaguliwa kabla ya kuingizwa kwetu, linatazamwa breki, taa, matairi na uchakavu wa chini, na tangu ajali ya Fukushima mwaka 2011 linapimwa hata mionzi. Mionzi ilipotutia hofu, tulidai kipimo chake, na kikawekwa. Namba ya chesisi imo katika karatasi hizo hizo. Kuilinganisha na orodha ya kiwanda hakuhitaji mtambo wala kufungua usukani. Kampuni za Japani zimeweka kurasa za kutafutia, na karani anaweza kuandika namba hiyo na kupata jibu muda huo huo. Nimejaribu kwa gari la kaka yangu. Ukurasa ulikuwa wa Kijapani, ikabidi nitumie programu ya kutafsiri, na ukaonyesha kwamba mfuko wa upande wa abiria unasubiri kubadilishwa. Muuzaji aliyetuuzia, ambaye sitamtaja, alipopigiwa simu alisema hajawahi kusikia habari hiyo. Yeye ndiye aliyeshika namba hiyo kabla yetu sote, na hakuiandika mahali popote.

Mzee wa Zamu:

Fundi, umeniambia nilikuwa na chama cha wafanyakazi. Ni kweli, nilikuwa nacho. Lakini waliofumba macho nao walikuwa nacho, kwa hiyo usinifanye kana kwamba nilikataa kwa sababu ilikuwa rahisi. Siondoi neno langu kwamba mkono uliozima swichi ya Moses Lake una lawama. Naliongezea tu kwamba lawama hiyo ni ndogo kuliko ya mtu aliyeiweka swichi hiyo mahali ambapo mkono wa mwenye haraka unafika.

Sasa nakuomba jambo moja kwa faida ya watu. Gari likija kwako kwa matengenezo ya kawaida, je, unaweza kuandika kwenye risiti namba ya chesisi na maneno kwamba mwenye gari ahakikishe habari ya kopo?

Fundi wa Makorora:

Mzee wangu, naweza, na nitaanza kesho. Lakini nielewe vizuri nikikwambia kitakachofuata. Mteja atasoma maneno hayo, ataniuliza abadilishe wapi, nami sina pa kumwelekeza. Mfuko mpya wa kiwandani kwa gari la umri ule haupatikani kwangu. Anachoweza kupata mtaani ni mfuko wa mtumba uliotolewa kwenye gari jingine la miaka ile ile, yaani huenda akang'oa kopo la Takata na kupachika kopo la Takata lililokaa juani muda mrefu zaidi. Kazi hiyo sitaifanya, na nawaomba mafundi wenzangu wasiifanye. Nikiung'oa mfuko ule na kuacha mahali pake wazi, taa itawaka, na huyo huyo mteja atakwenda kuizima kwingine siku atakapotaka kuliuza gari.

Zuhura K:

Hilo la kopo kwa kopo sikuwa nimelifikiria, na linanitia wasiwasi kuliko yote. Basi risiti ya fundi iandikwe, lakini namba ya chesisi itazamwe kabla gari halijapanda meli, kwa sababu kule Japani kopo jipya bado linabadilishwa bure na wakala yupo mtaa wa pili. Nataka fomu ya ukaguzi iongezwe mstari mmoja: je, gari hili lina wito wa kiwandani ambao haujatekelezwa, ndiyo au hapana, na jina la aliyetazama. Nitaiandikia barua mamlaka inayohusika wiki hii. Mwalimu, kama utakubali kuitia saini pamoja nami, nitumie namba ya chesisi ya gari lako ili tuanze nalo.

Mkaazi wa Chumbageni:

Nimeituma, dada Zuhura. Ni Corolla ya mwaka 2003.